Kuichagulia Ndege Sevo

Kwanza nieleze sevo ni nini, maana hata mimi, fundi redio wa Nkwenda niliyekuwa nimefungua redio za kila aina, nilikuwa sijapata kuiona. Ni kiboksi kilichozidi kidogo ukubwa wa kiberiti. Ndani yake mna mota ndogo na magurudumu ya meno ya plastiki yanayozungushana, na juu kimechomoza kijimkono. Ukiwa mbali, rimoti mkononi, ukasogeza kijiti chake nusu, kijimkono kinakwenda nusu. Ukikisogeza kiasi cha unywele, nacho kinakwenda kiasi cha unywele, kisha kinangoja pale mpaka ukiambie vingine. Redio nilizozizoea zilikuwa zikisema tu. Hii ilisikia, ikatii. Siku ya kwanza nilikaa nikiisogeza mbele na nyuma hadi chai yangu ikapoa, na mke wangu akauliza kama nimepata habari ya msiba.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kaka wa mke wangu, seremala wa Nyabiyonza. Kwa Kinyambo tunaitana muramu, yaani shemeji, na muramu ni mtu uliyepewa ruhusa ya kumtania hadi kaburini. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Ndege ndogo ya misheni ilikuwa ikitua kwenye kiwanja cha nyasi kuleta dawa na kuchukua wagonjwa, na muramu alikuwa akitengeneza madirisha ya zahanati jirani. Akamwomba rubani, mzungu wa makamo aliyejua Kiswahili cha kanisani, amruhusu aipime ndege kwa kamba. Akaipima yote, toka pua hadi mkia. Kisha akaijenga upya nyumbani kwake, kila shubiri ya ile kubwa ikawa upana wa kidole gumba. Alitumia mbao nyembamba za masanduku ya chai, akaivika kitambaa cha bitana, akaipaka rangi zilezile. Ilimchukua miaka miwili, na waliokuwa wamemwagiza milango walijifunza kungoja.

Rubani alipoiona aliizunguka mara mbili. Alipotoka likizo kwao alileta injini ndogo, rimoti, kipokezi cha kukaa ndani ya ndege, na sevo tano zilizokwisha kutumika. Yeye ndiye angeirusha, kwani alikuwa akirusha ndege za namna hiyo tangu ujana wake. Lakini mkataba wake ulikuwa umefika mwisho. Angeondoka nchini Jumamosi saa sita mchana, na asubuhi ya siku hiyo ndiyo ilikuwa nafasi pekee. Hatukumjua mtu mwingine, kutoka Nkwenda hadi Bukoba, aliyeweza kazi hiyo. Sevo zikikataa, ndege ya muramu ingebaki pambo la sebuleni. Sanduku likaletwa kwangu nichague tatu: moja ya kuongeza na kupunguza mwendo wa injini, moja ya usukani wa kushoto na kulia, na moja ya ule ubao wa mkiani unaoinua pua ya ndege na kuishusha.

Muramu alitaka mbili zilizokuwa kubwa kuliko nyingine. Alisema hajawahi kuona mlango ulioanguka kwa sababu bawaba zake ni kubwa mno. Sikubishana naye kwa maneno. Niliazima mawe ya mizani kwa mwenye duka jirani, nikayaning'iniza kwenye vijimkono, na kweli zile kubwa ziliinua kilo nne bila kuguna. Kisha nikamwonyesha mambo mawili. La kwanza, zilikunywa umeme. Redio yenye betri zilizochoka hunyong'onyea kila ngoma inapopigwa, na kipokezi kikinyong'onyea angani ndege inabaki haina masikio. La pili nililiona kwa unyasi. Nilibandika bua refu la nyasi kavu kwenye kijimkono, likawa kama mshale wa saa, maana bua refu hulikuza kosa dogo ukaliona kwa macho. Nikapeleka kijiti pembeni na kukirudisha katikati, tena na tena, nikiweka alama ya penseli ukutani. Sevo kubwa, kwa meno yake yaliyolika, kila ilipodhani imerudi katikati ilisimama mahali pengine. Zile tatu za wastani zilirudi kwenye alama ileile kila mara. Muramu aliinama akaitazama alama ile moja kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua kiungo cha mbao alichokitengeneza mwingine.

Basi tukachukua zile tatu. Mbili nilizifungua, nikakuta meno yamekauka. Grisi niliyokuwa nayo ilikuwa ya magari, nzito mno. Nikaomba samli kwa mke wangu, nikapaka kidogo. Ya tatu haikufunguka, vichwa vya skrubu vilikuwa vimelika. Nayo ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko wenzake, kwa hiyo nikaipa kazi ya injini, ambayo haihitaji nguvu. Nikajaribu zote Ijumaa saa nane mchana chini ya bati langu. Zilikimbia vizuri.

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa kiwanjani, ukungu umelala hadi magotini. Rubani akawasha rimoti, akavuta kijiti. Ubao wa mkia ukachelewa, kisha ukainuka polepole kama mzee anayetoka kitini. Akavuta tena. Ikawa vilevile.

"Jana ilikuwa hivi?" akaniuliza.

Nilijua papo hapo. Maisha yangu yote nimeiona samli ikiganda chupani asubuhi, na sikuikumbuka. Nikawaambia nilichofanya.

Muramu alinitazama. "Ndege yangu umeipaka samli kama mtoto mchanga," akasema. "Ungeibeba na mgongoni basi."

Rubani hakucheka. Alisema usukani ukichelewa atavumilia, hata injini. Mkia, hapana. Muramu akaichomoa sevo ya mkia, akaibana kwapani mwake chini ya sweta, akasimama hivyo kama mtu mwenye homa. Ilipopata joto ilifanya kazi kama jana. Lakini rubani akatuambia juu kuna baridi zaidi, na upepo wa mwendo. Ingeganda tena ikiwa mahali ambapo kwapa halifiki.

Ilibaki ile dhaifu isiyofunguka, ambayo samli haikuifikia. Tukazibadilisha nafasi, ya mkia ikaenda kwenye injini. Muramu akauliza kama kitu kile chepesi kitaweza kuusukuma ubao dhidi ya upepo. Nikamweleza kwa kazi yake mwenyewe. Kwenye ubao wa mkia kulikuwa na pembe ndogo, na waya wa spoku ya baiskeli ulitoka kwenye sevo ukashika tundu la pembe ile. Ukishika mtaimbo karibu na jiwe, utatoka jasho bure. Ukiushika mbali, jiwe linasogea, ila kidogokidogo. Pembe nayo ni hivyo. Ikiwa ndefu, sevo dhaifu inapata nguvu, na unachopoteza ni mwendo wa ubao.

Nilikuwa sijamaliza, tayari amekwisha toa kisu. Alichonga pembe nyingine kwenye kipande cha ubao wa chai, karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Rubani akaukandamiza ubao kwa kidole, akasema upepo utasukuma kiasi hicho. Nikavuta kijiti. Kidole chake kikainuliwa, taratibu lakini bila kusita. Akatazama saa yake, akasema, "Tuirushe."

Ilikimbia juu ya nyasi, ikayumba, kisha ikaacha ardhi. Ilipanda juu ya migomba ya jirani, ikageuka, jua likaipiga ubavuni, na kwa macho yangu ilikuwa ileile ndege ya wagonjwa ikiwa mbali. Wanawake waliokuwa wakianika kahawa ng'ambo ya barabara walisimama mikono viunoni. Kila ndege ilipoinua pua, nilijua kuna kiboksi mle ndani chenye nguvu ya kuinua kilo moja tu, kikisikiliza.

Rubani akamnyooshea muramu rimoti. "Ishike kidogo. Nitakuwa karibu na mikono yako."

"Acha niitazame," muramu akasema. "Nikiishika sitaiona."

Iliruka dakika chache. Ilipotua ilidunda mara moja, ikaviringika, ikasimama katikati ya kiwanja. Rubani alinipa mkono, akaenda kufunga mizigo yake. Muramu hakuikimbilia. Alitembea hadi hatua kumi hivi mbele yake, akavua kofia, akalala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, kidevu chini, akaitazama usoni. Nami nikalala kando yake. Kutoka pale chini ilikuwa kubwa kabisa, imetoka safari, na injini yake bado ilikuwa ikitoa joto.