Tangazo Lililopendwa Uru

Juzi nilikuwa ofisini kwa rafiki yangu, mama anayepandisha watalii mlimani, hapa Moshi mjini. Fundi wa kompyuta alikuwa anaunganisha akaunti yake ya matangazo na ile inayohesabu wageni wa tovuti, ili takwimu zote ziingie kwenye ghala moja la data huko mtandaoni. Mama alitaka kujua kwa nini tangazo lake linabonyezwa kutwa nzima, lakini hakuna mtu anayeulizia safari.

Takwimu zilipokutana, fundi akaisoma skrini mara mbili. Akasogeza kiti.

"Mama, wanaobonyeza wako Uru."

"Uru gani?"

"Hii hii ya hapa juu, kijijini kwenu."

Mama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Ni ukoo! Kwenye kikao cha Krismasi niliwaomba wanitie nguvu, wabonyeze kila wakiliona."

"Na kila wakibonyeza, unakatwa hela wewe."

Nilibaki mdomo wazi. Kabla sijaufunga, simu ya mama ikaita. Akaweka spika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Simu yangu imeisha chaji, lakini usiwe na wasiwasi, nimeazima ya jirani. Tumeshabonyeza. Na wanakwaya nao nimewafundisha."

Mama akafumba macho. "Asante shangazi. Mungu akubariki sana."

Akakata simu, akamgeukia fundi. "Uru yote, ifungie, wasilione tena tangazo."

Nilitaka kumlaumu, nikashindwa. Adui unamfukuza kwa fimbo, mchana kweupe. Shangazi anayekupenda unamfungia kimyakimya, huku unamwombea baraka.