Karani wa Gati Aliyegoma Kuufuta Usiku

Saa mbili kasorobo asubuhi, na gati la Amu, yaani Lamu, limejaa watu wenye swali moja: tunaondoka saa ngapi? Wapo walimu wawili wanaorudi Faza, yupo mama aliyekumbatia gunia la vitunguu asije akaibiwa, na ipo pikipiki mpya iliyofungwa kamba kama mbuzi wa Idi. Bi Ruwaida Jeilani hainui hata kichwa. Anaandika jina la abiria wa mwisho, anaitupia jicho simu yake, kisha anasema:

"Saa tatu na robo. Kabla ya hapo Mkanda haupitiki."

Hakuna anayebisha. Miaka mitatu iliyopita wangembishia mpaka wakaukwe na sauti.

Mkanda ni njia nyembamba ya bahari kati ya Manda na bara. Maji yakijaa, boti ya Faza hupita kwa raha zake. Yakitoka, boti hukaa juu ya mchanga na watu wake, kila mtu ale alichobeba.

Ruwaida, mwenye umri wa miaka 32, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, huandikisha abiria kwa mshahara wa shilingi elfu kumi na tisa kwa mwezi. Ana pia shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, aliyotunukiwa Desemba iliyopita na chuo kikuu kimoja cha Mombasa. Ukimsifia usomi wake anacheka.

"Mimi ni karani niliyechoka kutukanwa," anasema. "Boti ikikwama, nahodha haguswi. Anayetukanwa ni mwenye kalamu."

Aliomba nafasi ya kusomea shahada hiyo mara mbili. Mara ya kwanza alijaza fomu kwa maneno mazito mazito kuhusu mustakabali wa dunia, akanyimwa. "Na walikuwa na haki," anakiri. "Hata mimi nikiyasoma sasa naona haya." Mwaka uliofuata, fomu ilipouliza ni tatizo gani angependa kulitatua, aliandika ukurasa mmoja tu kuhusu mchanga wa Mkanda. Baada ya wiki tatu akaitwa.

Alitaka kutengeneza programu ya simu ya kumwambia nahodha saa ya kupita salama. Programu kama hiyo hujifunza kutokana na safari zilizopita, na safari za Mkanda zilikuwa zimeandikwa mahali pamoja tu: kwenye madaftari ya Nahodha Obeid, anayeendesha boti ya Faza. Kwa miaka tisa mzee huyu alikuwa akiandika siku, saa, na kama alipita au alikwama.

Kuyapata hayo madaftari ilikuwa kazi. "Miaka thalathini napita Mkanda kwa mato haya mawili," Obeid alimwambia, akiyaonyesha macho yake. "Hiyo simu yako ina mato?" Ruwaida alikwenda mara nne. Mara ya tano alikwenda na sahani ya mkate wa mofa, madaftari yakatoka.

Mwaka mzima alinakili. Saa za Kiswahili hakuzisahau: saa tatu usiku ya nahodha aliiandika kama saa ishirini na moja ya kompyuta. Akajiona amemaliza.

Watahini wakamrudisha nyumbani. Kwa safari za mchana programu ilipatia tisa katika kila kumi. Kwa safari za usiku ilikosea zaidi ya nusu. Akapewa siku sitini arekebishe, la sivyo shahada hakuna.

Hamsini ziliisha bila kuona kosa. Msimamizi wake, Dakta Hillary, mtu wa bara mwenye roho nzuri, akampigia simu kumpa njia ya mkato: azifute safari zote za usiku, aandike juu ya mchana peke yake, apite. Alitaka jibu kufikia Ijumaa.

Ilikuwa rahisi hivyo. Tatizo ni kwamba shangazi yake, Bi Raihana, aliwahi kukwama Mkanda usiku, akitolewa Faza na uchungu wa kuzaa. Mtoto alizaliwa palepale juu ya mchanga, Mungu akawasitiri.

"Hakuna anayekufa kwa kukosa boti ya saa tatu asubuhi," anasema Ruwaida. "Usiku ndio ulionipeleka shule. Niufute niandike nini?"

Alhamisi hiyo, baada ya alasiri, alikuwa ameinamia kompyuta, machozi yakimlengalenga, mama yake, Bi Thuwaiba, alipoingia na chetezo cha udi.

"Funga hiyo kompyuta, mwanangu. Usiku wa Ijumaa huo waingia, kasome Yasini. Mai ya Mkanda hayakimbii."

Ruwaida akaganda. Alhamisi, jua halijatua, na mama yake anautaja usiku wa Ijumaa, kama alivyoutaja kila wiki tangu yeye mtoto. Akachomoka na daftari moja mpaka kwa Obeid, buibui likimpepea.

"Nahodha, hapa umeandika usiku wa Ijumaa, tarehe tisa. Jua lilitua siku gani?"

"Alhamisi," mzee akajibu, akimshangaa. "Kwani Ramadhani huingia asubuhi au magharibi? Usiku hutangulia mchana, hilo nalo lataka digrii?"

Kumbe kwa miaka tisa mzee alikuwa sahihi. Kwake, siku mpya huanza jua likitua. Kwa kompyuta huanza saa sita za usiku. Ruwaida, aliyezaliwa ndani ya hesabu hiyo, alizinakili tarehe kama zilivyo, na kila safari kati ya magharibi na saa sita ikasogea siku moja mbele. Maji ya bahari huchelewa kama dakika hamsini kila siku, na kwa Mkanda dakika hamsini ni boti kulala juu ya mchanga.

Alizirudisha nyuma safari 412, moja moja. Siku ya hamsini na nane programu ilipatia usiku tisa katika kumi, sawa na mchana. Akapita.

"Nilimwambia aufute usiku," Dakta Hillary anasema kwa simu, akicheka. "Namshukuru Mungu hakunisikiliza. Siku hizi nafundisha kosa lake darasani, na langu pia."

Leo manahodha sita wanaitumia programu hiyo, Obeid akiwa wa kwanza. "Haina mato," anasema. "Lakini yangu yameanda kuchoka."

Sasa Ruwaida anataka kile kilichompeleka shule: boti ya wagonjwa itoke Faza usiku bila kubahatisha. Safari ya kwanza ya majaribio ni wiki ijayo, Obeid akiwa usukanini, na Bi Raihana ameomba apande, pamoja na binti yake wa Mkanda, ambaye sasa yuko darasa la sita.

"Njoo ushuhudie," Ruwaida anamwambia mwandishi wa makala haya. "Ni usiku wa Ijumaa, inshallah."

Mwandishi ni mtu wa bara, lakini amesikia. Atafika Alhamisi.