Mei, Mwezi wa Kunong'ona

Jirani yangu hufuga minki, wanyama wadogo ambao manyoya yao huishia mabegani mwa matajiri. Kila Mei, wakizaa, yeye hupita kati ya vizimba kwa soksi tu, akinong'ona, maana mama akishtuka hula wanawe. Hata chafya huiziba kwa kiganja chake chenye makovu ya meno.

Juzi nilimkimbilia bandani. “Redio imesema mswada wa kupiga marufuku ufugaji huu umepita hatua ya kwanza bungeni huko Riga!”

“Shh! We bwana, unataka waliwe wote?”

Aligeuka ghafla, ndoo ya chakula ikagonga waya. Hakutazama vizimba. Alitazama dirisha la nyumba yake, mkewe Zanda alikokuwa akinyonyesha kichanga chao.

“Kule,” alininong'oneza, “ndiko usipaze sauti kabisa. Mama yule bado hajui.”