Mwanamke Aliyeajiriwa Kukaa

Watu wameajiriwa kazi za kila aina, lakini Mama Pasi aliajiriwa kukaa. Si kukaa akishona, si kukaa akilinda mlango. Kukaa tu. Aingie asubuhi, awashe taa, aketi nyuma ya meza, jioni azime taa arudi kwake. Mtaani walipoambiwa walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye mwenyewe siku za mwanzo alikuwa akijifinya paja kila mara aone kama yuko macho.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, na hilo jina lilimganda huko. Alisimama mbele ya meza ya pasi tangu kifungua mimba wake akinyonya mpaka kifungua mimba huyo akaota ndevu. Mishipa ya miguu ikamvimba ikawa kama kamba za kufungia mizigo. Jioni mumewe alimvua viatu kwa kuvuta, mume mguu mmoja ameukanyagia ukutani kama mtu anayeng'oa kisiki. Siku za joto, wanaomjua wanaapa, Mama Pasi alifika nyumbani kwanza, miguu ikafuata baadaye.

Aliyemtoa kwa dobi ni wakili mmoja, mteja wa mashati meupe. Siku hiyo alisimama kaunta akamtazama anavyokunja shati pole pole, bila papara, akasema, "Mama, wewe una sura ya ofisi. Nikikupa kazi ya kukaa utaiweza?"

"Kukaa na nani?"

"Na kampuni."

"Ina umri gani hiyo kampuni? Inajilisha yenyewe?"

Wakili akacheka, na kesho yake akampeleka ghorofani. Ulikuwa ukumbi mrefu wenye milango inayofanana, kila mmoja na kibao chake kinachong'aa, na nyuma ya milango mingi hakukuwa na hata mende. Chumba chake kilikuwa na meza, kiti cha kuzunguka, simu, kompyuta, na ua la plastiki pembeni. Ukutani palitundikwa picha kubwa ya mche wa sabuni wenye mchoro wa ndege, imeandikwa Sabuni ya Korongo. Kiyoyozi kilipuliza baridi ya kumgandisha mtu uongo mdomoni.

"Zamani," wakili alimweleza, "kampuni kama hii ilikuwa kibao tu mlangoni. Sasa serikali zimeshtuka. Zimekubaliana kwamba kampuni isiyo na mtu ndani ni kivuli, na kivuli hakipewi nafuu ya kodi. Wanataka waone meza, waone taa inawaka, waone mtu anapumua. Huyo mtu ni wewe."

"Kwa hiyo kazi yangu ni kupumua."

"Na kupokea simu ikilia."

Simu haikulia. Mama Pasi akakaa. Alikaa mpaka akajua kila ufa wa dari kwa sura na tabia. Nzi aliyeingia humo Jumatatu alitoka Ijumaa amezeeka, anatembea kwa mkongojo. Kwa kukosa la kufanya akawa analimwagilia maji lile ua la plastiki, na yeye hushikilia hadi leo kwamba lilitoa jani jipya.

Lakini miguu! Miguu ilishuka. Mishipa ikarudi ndani ikatulia. Viatu vikavuka vyenyewe. Jioni alifika nyumbani anatembea kama bibi harusi, na mumewe akawa anamwita Meneja, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea. Naye akavimba kichwa kidogo. Jirani akija kuomba chumvi, anaambiwa asubiri, Meneja anapumzika.

Ndipo wifi yake akaja kuwatembelea. Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, na huko alikuwa mfungashaji katika kiwanda cha sabuni. Alishuka kwenye basi na mkono wa kushoto umefungwa kitambaa hadi kwenye kiwiko.

"Wifi, mkono umefanyaje?"

"Magadi makali ya kiwandani yalinirukia. Bomba lilipasuka."

"Hamna nesi huko?"

"Alikuwepo. Alikuwa na chumba chake na kitanda chake. Wakamwondoa, wakafunga chumba. Eti kampuni ina hasara, inapunguza gharama. Mimi nikaambiwa nisuuze kwa maji nikapande basi niende hospitali ya mjini. Nilipofika, ngozi ilishaamua lake." Akauinua mkono. Vidole viwili havikujikunja. "Hasara, wifi! Malori yanatoka getini yameshiba mpaka yanalia, na kila mwaka ni hasara. Sisi tunashangaa, tukifunga sabuni zote hizi, faida inakula kona gani?"

Siku ya pili wifi akataka kuiona hiyo ofisi inayosifiwa. "Nataka nione kaka yangu ameoa meneja wa namna gani." Mama Pasi akavaa gauni la harusini, akamchukua. Walipofika wifi akazunguka na kile kiti, akanyanyua simu akaisikiliza, akaligusa ua. Kisha akageuka ukutani, akabaki ametoa macho.

"Wifi. Hii ni sabuni yetu."

"Ipi?"

"Hii. Korongo. Ndiyo ninayoifunga mimi kutwa kucha. Imefuata nini huku?"

Mama Pasi hakujua. Akampigia wakili simu, na hiyo ndiyo siku pekee ile simu ilifanya kazi. Wakili hakuficha kitu; alieleza kwa sauti ya furaha, kama mtu anayetoa maelekezo ya kupika. Kiwanda kiko kule, lakini jina la sabuni na yule ndege ni mali ya kampuni hii hapa. Kiwanda kikiuza mche, kinailipa kampuni hii ada ya kutumia jina. Ada ni kubwa, kwa hiyo kule hakibaki kitu cha kutozwa kodi. Huku ada inaingia, na huku kodi ni kama hakuna. "Yote ni halali, mama. Hakuna aliyevunja sheria."

Wifi alikuwa amesikiliza yote, sikio limebanwa kwenye simu. Simu ilipokatwa akakaa chini sakafuni, akaegemea ukuta.

"Kumbe faida yetu iko hapa na wewe," alisema. "Inapigwa kiyoyozi."

"Mimi sikujua, wifi."

"Najua hukujua. Ungejua ungeniletea nauli."

Walirudi nyumbani. Wifi hakumwambia aache kazi. Alipoulizwa afanye nini, alijibu, "Kaa tu. Miguu ni yako." Neno hilo lilimchoma Mama Pasi kuliko matusi, maana matusi angeyajibu.

Na mambo yakaja yameongozana. Wiki hiyohiyo wakili alikuja ofisini amekunja uso. Serikali ya kule kwenye kiwanda na serikali ya hapa zilikuwa zimepatana kuulizana maswali, na mkaguzi wa kodi wa kule alikuwa njiani. Alitaka kujua kama kampuni kweli inaendeshwa humu, au watu wanachezewa shere. Ikionekana haiendeshwi humu, ile ada yote itahesabiwa ni faida ya kiwanda, na itozwe kodi kulekule.

"Kwa hiyo mama, kuanzia leo wewe ni meneja mkuu. Si wa utani. Akikuuliza nani anapanga ada ya jina, utasema: ada hupangwa hapa, naipanga mimi, kwa kuangalia hali ya soko. Basi. Ukisema hivyo vizuri, hiki kiti ni chako mpaka uzeeke."

"Na nikisema vibaya?"

Wakili akaitazama miguu yake, kisha akatazama pembeni kwa adabu. "Kwa dobi bado wana nafasi, nasikia."

Mama Pasi alijifunza maneno yale kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Aliyasema mbele ya kioo, akayasema kwa sufuria. Jirani alipokuja kuomba chumvi akaambiwa kiasi kitapangwa kwa kuangalia hali ya soko. Mumewe alicheka. Wifi, aliyekuwa akimenya vitunguu kwa mkono mmoja, hakucheka wala hakununa. Ukweli ni kwamba Mama Pasi alikuwa hodari wa kutunga. Tangu utotoni angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukamshukuru. Uongo haukumtisha. Kilichomtisha ni meza ya pasi.

Mkaguzi alikuja asubuhi: mtu mnene, ana mafua, ameshika leso. Wakili akakaa pembeni, mguu juu ya mguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mafua. Ni hicho kiyoyozi?"

"Nimekuja nayo." Akapenga kamasi. "Wewe ndiye meneja mkuu?"

"Ndiye."

"Umekuwa hapa muda?"

"Hata hilo ua nimelilea mimi."

Mkaguzi akalitazama ua, akamtazama yeye, akaliacha. Akauliza nani anapanga ada ya jina la Korongo. Mama Pasi akajiweka sawa kitini, akatoa maneno yale kwa sauti tulivu, bila kujikwaa: hupangwa hapa, naipanga mimi, kwa kuangalia hali ya soko. Akayatoa vizuri hata wakili akatabasamu. Mkaguzi mwenyewe alitikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, na kama angenyanyuka wakati ule, Mama Pasi angekuwa amekaa hadi leo.

Lakini mkaguzi alikuwa na swali jingine, na aliliuliza huku akikunja leso.

"Mwaka jana ada ilipandishwa sana. Kiwanda kimetuandikia kwamba kwa sababu ya ada hiyo kililazimika kufunga chumba cha nesi. Wewe ulipoipandisha, ulilijua hilo?"

Wakili hakuwa amemfundisha hapo. Mama Pasi akafungua mdomo. Maneno ya hali ya soko yalikuwa tayari ulimini, yamepangwa, yanangoja zamu. Akauona mkono wa wifi na vile vidole viwili. Alikuwa tayari kusema uongo kwamba yeye ni mkubwa. Kusema yeye ndiye aliyemfukuza nesi, hilo lilikataa kutoka.

"Hapana," alisema. "Huyo nesi sikumwondoa mimi."

Wakili akakohoa. "Mama anamaanisha..."

"Mama anamaanisha alivyosema," Mama Pasi akamkata. "Mwanangu, mimi ada sijawahi kuiona, haina miguu wala mkia kwangu. Sijapandisha kitu humu zaidi ya pazia."

"Sasa nani alipandisha?"

"Simjui. Hajawahi hata kupiga simu. Mimi nimeajiriwa kukaa."

Mkaguzi akapiga chafya, akaomba maji, kisha akauliza tena pole pole, naye akajibiwa tena vilevile.

Mama Pasi akamwaga unga siku hiyohiyo, kazi ikaisha. Wakili hakupandisha sauti. Alimsindikiza hadi kwenye ngazi, akasikiliza habari za mkono wa wifi, akamwambia kwamba kwa upande wake hana kinyongo, kampuni itahamia nchi nyingine ambako wanaokaa hawana wifi. Ila kwa miaka iliyopita ilikuwa imechelewa. Serikali ya kule ilikidai kiwanda kodi, kiwanda kikakimbilia mahakamani, na kesi ingali huko, mawakili wananenepa. Chumba cha nesi bado kimefungwa. Wafungashaji lakini, tangu wifi awasimulie, hawaambiwi tena habari za hasara. Mwenye kiwanda akilitaja hilo neno, ukumbi mzima humwuliza korongo anaendeleaje.

Wifi aliposikia hakumkumbatia wala hakulia. Alisema, "Mjinga wewe, kiti kizuri vile," kisha akaenda kuchemsha maji ya kumkandia miguu kabla haijaanza hata kuuma.

Kwa dobi walimpokea Jumatatu. Mama Pasi akaingia, akaitazama ile meza, akarudi nje akaingia tena amebeba stuli ndefu ya jikoni kwake.

"Hiyo ya nini?" dobi akauliza.

"Ya kukalia."

"Mpiga pasi hakai, mama. Tangu lini?"

"Nimekuwa meneja mkuu, baba. Kusimama kutwa nimeshasahau. Ukitaka mtu wa kusimama, mtafute."

Dobi akalalamika kwamba shati haliwezi kunyooka likipigwa na mtu aliyekaa. Mashati yakanyooka. Shuka na mapazia yalimshinda, kwa hayo ilibidi ainuke, na jioni kifundo kimoja huvimba, si viwili.

"Mazoea mabaya haya," dobi humwambia. "Wenzako wakiona nao watataka."

"Watataka," yeye hujibu, na kunyunyizia kola maji.