Jenereta Iliyomkataa Dada Limi

Nilimpiga dada yangu mkono, udongo ukamwagika kabla haujafika kwenye kaburi la baba.

Watu wote waliona. Ukoo mzima, majirani wa mtaa wetu wa Ngokolo, wanakwaya, hadi katekista aliyekuwa anasoma akanyamaza.

Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Wewe ndiye uliyemuua. Huwezi kumzika mtu uliyemuua."

Dada Limi alijifuta mkono kwenye kanga, akarudi nyuma, akaenda kusimama nyuma ya wanawake wote.

Naitwa Sostenes. Hiki ninachoandika nimekisema mbele ya mtu mmoja tu maishani. Someni taratibu, msinitukane kabla hamjafika mwisho. Mkifika mwisho, ruksa.

Baba yetu, mzee Bujiku, alichimba dhahabu tangu ujana wake mpaka mapafu yakamgomea. Vumbi la mawe lilimjaa kifuani. Daktari akatuambia mzee hawezi tena kukaa bila mashine ya oksijeni, ile ya kuchomeka kwenye umeme, mpira puani mchana na usiku.

Mama alishafariki zamani. Aliyebaki kumuuguza ni dada Limi, mtaani wanamwita Mama Nelly. Kanizidi miaka tisa. Mgongoni kwake ndiko nilikokulia. Alikuwa na genge lake la nyanya na maisha yake, akaviacha, akahamia kwa mzee.

Mimi nilikuwa machimboni Nyarugusu. Nina karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kazi yangu kwa baba ilikuwa kutuma matumizi na kutoa amri kwa simu. Nilijiona mtoto bora kuliko wote.

Tatizo likawa umeme. Ukikatika, mashine inapiga kelele, baba anaanza kuhema vibaya, Limi ananipigia analia.

Nikasema basi, nanunua jenereta.

Niseme ukweli, nilitaka dude kubwa. Nilitaka jirani akipita aulize hiyo ni ya nani. Sifa tu.

Fundi Thobias, anayeuza jenereta pale Shinyanga mjini, alinikata maini.

"Unataka kuwasha nini?"

"Mashine ya mgonjwa, feni, na taa mbili."

"Sasa hilo dubwana la nini? Unafungua kiwanda?"

"Si ikiwa kubwa ndiyo nzuri?"

"Nani ataiwasha?"

"Dada."

"Basi kamlete dada."

Nikamleta. Thobias akampa mashine tatu avute kamba. Ya kwanza ilimshinda kabisa. Ya pili ilimtoa jasho. Ya tatu ilikuwa ndogo, haina makelele, na umeme wake umetulia, hauunguzi vifaa vya wagonjwa. Aliivuta mara mbili, ikanguruma.

Limi akapiga makofi kama mtoto. "Hii tunaelewana," akasema.

Thobias akatupa masharti. Kila wiki iwasheni walau robo saa, tena muichomekee mashine ya mzee, isingurume bure. Petroli isilale kwenye tangi miezi na miezi. Oili ya kwanza mwageni mapema, zinazofuata msizicheleweshe. Na ikae nje, mbali na dirisha, maana moshi wake unaua mtu mzima mwenye afya, sembuse mzee wa mapafu.

Nikajenga kibanda cha bati uani, upande ambao upepo unapeleka moshi kwenye uwanja. Limi alifuata masharti yote. Kila Jumamosi ananirekodia sauti ya jenereta inavyounguruma, ananitumia. Umeme ulikatika mara nyingi sana, hatukupata shida hata siku moja.

Sasa, Jumapili moja nikaenda kumwona mzee.

Nikaamua kuihudumia jenereta mwenyewe, kwa mbwembwe, baba ananiona kupitia mlangoni. Nikamwaga oili, nikasafisha filta ya hewa, nikaweka plagi mpya, ile inayorusha cheche petroli iwake. Nikaiwasha. Ikaunguruma saa nzima bila kukohoa. Baba akaninyooshea dole gumba kutoka kitandani.

Simu ikaita kutoka Nyarugusu. Mawe yametoka mengi, karasha imekwama, njoo haraka.

Nikazima, nikakusanya vyangu, nikambusu mzee kichwani, nikakimbilia basi.

Jumatano yake, saa sita mchana, nipo kwenye karasha, makelele matupu. Simu. Limi.

"Soste! Umeme umekatika na hii kitu haiwaki!"

"Umefungua koki ya mafuta?"

"Nimefungua!"

"Choki je?"

"Nimevuta! Soste, kamba inakuja nyepesi. Inakuja yenyewe tu, inapumua puu, puu, haishiki!"

"Vuta kwa nguvu!"

"Navuta, mikono yangu..."

"Dada! Hiyo mashine nimeihudumia juzi kwa mikono yangu. Ni nzima. Wewe ndio huvuti. Acha kulialia, vuta!"

Nikakata simu. Nilikata ili avute.

Saa nane kasoro akapiga tena. Nilisikia anavyohema tu, nikajua.

Baba alifia kwenye bajaji, hospitali inaonekana kwa macho.

Umeme ulirudi saa kumi.

Njia nzima kutoka Nyarugusu mpaka Ngokolo nilikuwa na wazo moja kichwani. Jenereta ni nzima. Niliihudumia mwenyewe. Kwa hiyo kosa ni la mtu.

Nilipofika, shangazi Asteria akanivuta pembeni. "Mwanangu, kuuguza kunachosha. Mtu akichoka, shetani anamwambia mengi."

Maneno yale yalinikaa. Hata jenereta sikwenda kuiangalia. Nilimkuta Limi kafunga viganja vyote viwili kwa kitambaa, nikasema kimoyomoyo huyu anaigiza.

Kesho yake ndiyo nikampiga ule mkono kaburini.

Jioni, watu wangali wamekaa kwenye maturubai, nikamwambia atoke kwenye nyumba ya baba. Dada yangu. Aliyenibeba mgongoni. Akakunja nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akaaga wanawake mmoja mmoja, akapanda gari kwenda Chato kwa binti yake Nelly.

Namba yake nikaifungia. Nilijisikia mwanaume.

Ikapita miezi minne.

Jenereta inayoendesha pampu yangu kule Nyarugusu ikafa, nikaona jenereta ya baba inakaa bure, ngoja nikaichukue. Nikavaa koti langu la safari, ambalo lilikuwa linaning'inia msumarini tangu safari ile ya Jumapili. Kwenye msiba nilikimbia na shati tu.

Nikafika Ngokolo mchana. Nikafungua kibanda. Nikaona niiwashe kwanza.

Nikavuta kamba.

Ikaja nyepesi. Ikapumua. Puu.

Nikavuta tena. Puu.

Mtu aliyezoea injini akivuta kamba ikaja hivyo anajua hapohapo kwamba pumzi ya injini inavujia mahali. Nikang'oa kile kikofia cha waya kinachokaa juu ya plagi. Chini yake hapakuwa na plagi. Tundu tupu.

Mnajua nilichofikiria? Nilifikiria Limi. Nikasema, kumbe aliitoa makusudi, huyu mwanamke ni shetani kamili, leo nampigia nimwambie.

Lakini kwanza nitafute plagi nyingine niiwashe. Huwa sikosi moja ya akiba kwenye koti. Nikaingiza mkono mfukoni.

Nikatoa plagi mpya. Mdomo wake umebadilika rangi kidogo tu, kama iliyowaka kwa saa moja.

Sikiliza. Kule Nyarugusu hakuna anayeacha mashine yake na plagi. Ukizima, unaifungua, unaishika na kitambaa maana bado ya moto, unarudisha kikofia juu ya tundu ionekane kama ipo, unatia plagi mfukoni, unaondoka. Usipofanya hivyo utakuta mwenzio kaiwasha, anavutia maji kwenye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, mafuta yako kwisha. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Mkono unafanya wenyewe, kichwa hakina habari.

Jumapili ile nilizima jenereta ya baba, nikaondoka na plagi yake.

Dada yangu alivuta kamba ya mashine isiyo na plagi mpaka viganja vikachunika.

Nilikaa chini pale kwenye oili, nikalia sauti ambayo sikuwahi kuitoa hata msibani. Jirani akachungulia ukutani akauliza kuna nini.

Kesho yake nikapanda basi mpaka Geita, na jingine mpaka Chato. Nikamkuta ziwani, kainama, anageuza dagaa kwenye nyavu juani. Kakonda.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Hakuinua uso.

Nikafungua kiganja, nikamwonyesha plagi.

"Dada, hii..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ilikuwa kwako. Nilijua siku ileile."

Nikakaa mchangani. Limi akaacha dagaa, akakaa mbali kidogo nami. Akaanza kusema akiangalia maji.

"Ulivyokata simu, baba akagonga kitanda. Alikuwa anasikia kamba kupitia dirishani. Akaniambia, hiyo haina plagi, fungua kikofia uone. Nikafungua, kweli hamna. Nikamwambia wameiba. Akatikisa kichwa. Akasema, ni Soste huyo, ni mkono wa machimboni, hata mimi nilikuwa hivyohivyo."

"Baba alijua?"

"Alicheka, Soste. Na pumzi hana, alicheka."

Nikaziba uso.

"Nikakimbia barabarani, nikamsimamisha bodaboda, akafungua plagi ya pikipiki yake. Haikuingia, tundu lile ni kubwa. Nikatafuta bajaji. Tulivyompakia nikashika simu nikupigie nikwambie. Baba akanishika mkono. Akasema, usimwambie. Niapie. Huyo mtoto akijua ataingia duarani asitoke. Nikaapa. Hakusema tena kitu."

"Na kaburini? Nilivyokuita muuaji mbele za watu, mbona hukusema?"

Limi akanigeukia kwa mara ya kwanza.

"Si nimekwambia niliapa?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia twende nyumbani, nyumba ni yako, naita ukoo wote, naita na majirani, nasimama katikati nasema ni mimi.

"Usiwaambie," akasema. "Nilimwapia baba. Sitakuwa mimi chanzo cha watu kujua."

"Basi rudi tu."

"Sirudi. Na sina hasira na wewe. Nilikusamehe palepale, nimesimama nyuma ya wale wanawake. Ila kuishi karibu na wewe siwezi. Nikikuona naona ule mkono."

Halafu akaniuliza, kwa sauti ileile aliyokuwa ananiulizia nikitoka shule, "Umekula?"

Sikuwa nimekula. Akanipeleka kwa Nelly, akanisongea ugali, akasubiri mpaka nimalize. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, dada. Akanisindikiza mpaka stendi, basi lilipoondoka alikuwa ameshageuka.

Ni mwaka sasa. Simu zangu anapokea, anajibu salamu, anauliza afya, anakata. Kwangu hajakanyaga.

Jamani, kama nyumbani mna mgonjwa na mna jenereta, mtu anayebaki naye ndiye aiwashe mbele yako kabla hujaondoka. Si wewe uiwashe. Yeye, kwa mkono wake, iwake, na uiache hivyohivyo. Usijiamini eti wewe ni fundi.

Na mtu aliyeko kwenye shida akikuelezea anachokiona, zima kelele zako umsikilize. Dada yangu alinipa jibu lote kwenye simu. Kamba inakuja nyepesi. Laiti ningezima karasha dakika moja, ningejua, angetafutiwa plagi ya saizi yake saa hiyohiyo, na baba huenda angekuwepo. Mimi nikamjibu avute kwa nguvu.

Mtaniuliza, si dada alikukataza kusema?

Aliyeapa ni yeye. Mimi hakuna aliyeniapisha. Na baba aliogopa nikijua nitajiua. Nimejua, na bado nipo, kwa hiyo kile kiapo kimeshamaliza kazi yake.

Nyie mliokuwepo kwenye msiba wa mzee Bujiku pale Ngokolo, na wewe shangazi Asteria, kama husomi basi wakusomee. Limi hakumuua baba. Alimpigania mpaka dakika ya mwisho, akanipigania na mimi. Plagi ilikuwa mfukoni kwangu.

Nendeni Chato mkamwombe radhi. Mimi nimeenda mara tano.