Kope za Karani wa Mapokezi

Karani wa mapokezi katika ofisi moja pale Same ana kope zilizolegea hadi zinafunika nusu ya macho. Ili asome jina kwenye faili, hulazimika kuinua nyusi na kuzishikilia huko juu, na ikifika saa saba mchana paji la uso linamuuma. Sauti yake ni ya upole, lakini watu humtazama macho tu, wakaondoka wakisema ana dharau.

Daktari wa Moshi alimpa njia mbili. Sindano ingeinua nyusi kidogo, kisha nguvu iishe baada ya miezi michache, arudi kuchomwa tena. Upasuaji ungeondoa ngozi iliyozidi, ila kuna nyuzi na uvimbe. Neema, binti wa kaka yake, alimsihi: “Shangazi, chukua sindano. Kisu machoni, jamani?” Hakuamua, mpaka Jumatatu bibi mmoja wa Vudee aliposimama dirishani akasema kwa woga, “Mwanangu, kama nimekuudhi, nisamehe.” Karani aliweka kalamu chini, akazinyanyua kope zake kwa vidole viwili viwili ili watazamane. “Shikamoo, bibi. Hujaniudhi. Ni ngozi tu hii, imenishuka.”

Siku hiyohiyo alijaza fomu ya likizo ya upasuaji. Daktari alikuwa amesema wiki mbili zinatosha. Yeye akaandika tatu.

“Ya tatu ya nini, shangazi?” Neema aliuliza.

“Ya kulala.”