Pipa Lililonyimwa Pumzi

Shangazi yangu alipika gongo miaka mingi hapa Milanzi kabla hajaiacha ili aruhusiwe tena kupokea komunyo kanisani. Mimi nilisoma kemia chuo kikuu, shahada ya miaka mitatu ambayo niliimaliza kwa minne. Kwa hiyo tulipoamua kupika mafuta ya mkaratusi uani kwake, sikuona haja ya kujadili nani mtaalamu.

Siku ya kwanza tulifuata njia yake. Tulijaza majani nusu pipa, juu ya wavu ili yasiungue kwenye maji. Mfuniko tuliuweka tu, kisha yeye akakanda unga wa ulezi na kuuzungushia mdomoni mwa pipa, kama wapika gongo wote wanavyofanya. Mvuke ulipita kwenye bomba lililozama katika pipa la pili lenye maji baridi, ukatoka matone. Mara mbili ulitoboa unga ukapiga mluzi, na mara mbili shangazi akaukandika upya kwa kiganja huku akiutukana kwa Kifipa. Jioni nilikusanya matone kwenye chupa niliyoikata kitako na kuigeuza juu chini. Mafuta yakaelea, maji nikayafungulia chini. Nilibaki na nusu glasi ya kitu cha kijani kinachonuka moshi.

Nikaamua mambo mawili: mafuta yale yapikwe tena ili yasafike, na mwizi wetu ni unga. Kila mluzi ulikuwa mafuta yanayopotea hewani. Kesho yake nikamleta fundi, akachomelea ukingo wa chuma mdomoni mwa pipa. Nikafunga mfuniko kwa boliti nane na mpira wa tyubu ya gari. Majani nikayashindilia hadi juu, mafuta ya jana nikayamwagia humo humo.

"Mtoto wa kaka," shangazi akasema, "umelifunga kama jeneza."

"Unga unavujisha mafuta, shangazi."

"Unavujisha hasira. Wewe pipa hulijui."

Jirani akachungulia juu ya ua. "Profesa! Ikiiva usitusahau!"

"Hii hainywewi!"

"Hata ile ya shangazi yako askari waliambiwa hivyo hivyo!"

Tukacheka wote, na mimi nikachochea moto.

Kwa muda matone yalikuja vizuri. Kisha yakakoma. Leo najua kwamba majani yalivimba, yakapanda, yakaziba mdomo wa bomba. Siku ile nilifikiri moto umepungua. Nikaongeza kuni.

Pipa likaanza kuguna. Mbavu zake zikatuna moja baada ya nyingine, kila moja ikigonga kama nyundo. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye daftari, naandika jotoridi.

"Toka hapo!" Shangazi alinisukuma kwa bega nikaanguka chali, akanyakua spana akaenda kulegeza boliti. Aliifikia ya kwanza.

Mfuniko ulikatika upande mmoja na kuruka. Ulimkata kuku kichwa, ukapasua ua, ukaishia kwenye ukuta wa jirani. Pipa lenyewe lilipinduka likatapika moto, maji na majani yanayochemka. Mvuke ulimpiga shangazi usoni. Alisimama ameshika spana, ngozi ya paji la uso inamtoka kama ganda la kiazi, na uani kote kulinukia vizuri sana, kama dawa ya kifua. Nilimkokota hadi kwenye pipa la maji ya kupoozea nikamzamisha kichwa, nikamtoa, nikamzamisha tena, naye akinipiga ngumi mbavuni kwa kukosa pumzi. Jirani akaja na pikipiki.

Hospitalini walimfunga macho yote mawili. Daktari alisema hawezi kuahidi kitu mpaka uvimbe ushuke. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimlisha uji. Ni mjane, analima peke yake, anapepeta ulezi wake mwenyewe, anatembea kwenda misa bila kumsumbua mtu. Akipofuka, atashikwa mkono na nani? Na mimi, na elimu yangu. Nadhani wazo hilo lilimtisha kuliko giza.

Siku zile zote shikamoo yangu aliijibu kwa kugeukia ukutani.

Walipofungua bandeji, nesi alimtaka afumbue polepole. Jicho la kushoto halikufumbuka. La kulia lilikuwa jekundu kama nyanya, linatiririka machozi, linazunguka chumbani bila kutua popote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Sogea."

Nikasogea. Kofi lilinipata katikati ya shavu, halikukosea hata unene wa kidole, miwani yangu ikaruka hadi chini ya kitanda cha mgonjwa wa pembeni. La pili lilifuata upande wa pili, nalo lilitua pale pale palipotakiwa. Nesi akapiga yowe na kumshika mkono.

"Mwache," nikamwambia, nacheka, natoka damu mdomoni. "Mwache apige. Anaona."